Sihami Landless

Mdogo wangu Loice,

Nakusalimu kwa upendo. Goti lako linasemaje na baridi hii? Shemeji amepona kikohozi? Mimi ni mzima, ingawa najua mmesikia mengine. Mwanao Edwini alinipigia simu akasema mmenisafishia chumba, eti mama mkubwa ameanguka na ni wakati wa kurudi. Asanteni, lakini humo wekeni mahindi. Sikiliza habari kutoka kwangu mwenyewe.

Ni kweli nilianguka. Unajua nilikuwa nikikaa orofa ya tatu hapa mtaa wa Landless, Thika, na mifereji ikikauka tunachota maji chini kwenye tangi. Niliteleza kwenye ngazi nikiwa na mtungi, mkono ukavimba. Hakuna mfupa uliovunjika. Lakini mwenye ploti hii ya vyumba vya kupanga, Mama Njeri, alipata habari, na Jumatatu akaja. Hata kiti alikataa.

"Shosho," akasema, "mtu wa umri wako anafaa kuwa kwao. Siku moja utanifia humu, na nani atakubali kuingia chumba hicho tena?"

Nikamuuliza kama nimewahi kumkosea. Akasema hapana, ila nihame mwisho wa mwezi.

Loice, maneno hayo yaliniuma kuliko mkono. Nilikuja hapa nikiwa msichana. Nimeshona kwenye kiwanda cha nguo mpaka kikafungwa, nimezika mume, nimesomesha watoto, na bado nashona sare za shule kwa cherehani yangu. Kumbe miaka hiyo yote nilikuwa mgeni?

Nilimweleza jirani yangu Wambui, yule anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe. Naye amezeeka kama mimi, na hana shamba popote. Akasema, "Ukitoka wewe, wa pili ni mimi."

Basi kesho yake tukavaa nguo za kanisani tukaenda Ruiru, huko Membley, nyumbani kwa Mama Njeri. Askari alitusimamisha getini hadi jua likawa kali. Mama Njeri alipotoka nikamwambia, "Nimekuja kukuambia sihami. Kile chumba cha chini unamoweka saruji, toa saruji unipe mimi."

"Na ukiugua?"

Wambui ndiye aliyejibu. "Nitamwangalia. Nikiugua mimi, ataniangalia. Kwani mama yako kule Murang'a anaangaliwa na nani?"

Mama Njeri akatazama chini. Mama yake anaishi peke yake, na ploti nzima inajua. Hakutukaribisha ndani. Alisema atafikiria. Nikamwambia afikirie tu, mimi nitakuwa nashona.

Jumamosi saruji ikatolewa. Niliosha sakafu mwenyewe kwa mkono mmoja, Wambui akamwaga maji. Cherehani sasa iko mlangoni, na wazazi wakipita wananiachia sare bila kupanda ngazi. Wambui ameomba chumba cha pembeni, bado hajajibiwa. Tutarudi Membley.

Wasalimie shemeji, mchungaji wetu, na yule mke wa kaka anayesema mji umeniroga. Mwambie sijakataa nyumbani, nimekataa kufukuzwa. Desemba nitakuja kula kuku wako, nikiwa na tiketi ya kurudi mkononi.

Ni mimi dada yako,
Jerida, fundi wa nguo, Landless