Watoto Wawili wa Talatu

Zinder, Jumapili

Mdogo wangu Talatu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, baba watoto na mama mkwe wako. Yule mbuzi ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia tangu juzi.

Kazi yetu ya kupima ugonjwa wa macho kwa watoto imefika pabaya. Hatuwezi kufunua kope za kila mtoto wa wilaya, tungezeeka. Tunapiga kura, nyumba chache zinachaguliwa, na humo kila mtoto anawawakilisha mamia ya wenzake. Wagonjwa wakifika watano katika kila mia, dawa inaletwa kwa wote. Tumepata wanne na kidogo, na mkuu wetu, Souley, alikuwa tayari kufunga hesabu.

Juzi tukila, mwenzangu Salamatu, aliyepangiwa kijiji chetu kwa kuwa mimi siruhusiwi kupima kwetu, akasimulia habari za mwanamke mcheshi aliyemkaribisha maziwa na kumwambia ana watoto wawili tu, wazima wa macho. Nikamuuliza jina. Akanitajia lako.

Wawili, Talatu? Na Lawali umempeleka wapi?

Najua, kifungua mimba hatajwi na mama yake, ni aibu, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mficha uchi hazai, na wewe umezaa watatu, aibu gani tena? Ukimficha mmoja umewaficha mamia. Nilimweleza Souley kwamba kina mama wa wilaya nzima wamewaruka vifungua mimba wao. Akacheka, mtoto wa mji mkuu Niamey huyo, asiyejua mila zetu, akauliza mama gani anasahau mwanawe. Nikamwambia hawajasahau. Nilimsumbua mpaka akakubali turudi nyumba zile zile. Salamatu atakuja kwako Jumatano.

Sasa nikwambie jambo nililowaficha nyote. Jicho langu la kushoto halioni tena. Lilianza kwa tongotongo, kama la Lawali. Watu wa dawa walipokuja tukiwa wadogo, mama alisema ana mtoto mmoja, yaani wewe, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya ghala la mtama nikisikiliza. Simlaumu. La, namlaumu kidogo.

Jumatano usimwonyeshe Lawali kwa kidole. Mwite kwa jina lake, asikie.

Nisalimie wote, na mama umwambie anasalimiwa na Zuwaira. Litaje hilo jina mbele yake, hata akiinamisha uso.

Ni mimi dada yako,
Zuwaira