Lazima Kitu Kiharibike

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya njema, wewe, wifi yangu na watoto. Kile kikohozi cha mdogo wao kimekwisha, au bado mnapokezana kumbeba? Na wewe mwenyewe, bado unakula umesimama kama mtu anayefukuzwa? Safari hii tafadhali kaa chini. Barua hii si ya kusomwa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Sisi huku tunapumua, na kwa sasa sina cha kuongeza juu ya hilo.

Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka yote hii ya simu. Uliponipigia juzijuzi uliangua kicheko, ukaniuliza nyumba yetu imeingiwa na mkosi gani, maana kila ukipiga kuna kitu kimekufa: mara pasi, mara redio, mara cherehani, mara gari. Nikacheka pamoja nawe. Ningefanya nini? Simu yangu, tangu ilipotumbukia kwenye beseni la sabuni, haisikiki ila kwa spika, na shemeji yako alikuwa ameketi hapo hapo akipata kila neno. Kwa hiyo nimeona nishike kalamu nikujibu swali lako sawasawa.

Unakumbuka kwamba mwaka jana kampuni ilimwondoa kwenye usukani kwa sababu ya macho. Walimwambia kwa heshima, sikatai, wakamkabidhi na cheti cha shukrani. Lakini mtu aliyezoea kuamka kabla ya jogoo kuwasha lori, ukimwambia abaki nyumbani atazame pazia, umemfanya nini? Mwanzoni alijikaza. Akawatengenezea majirani feni na majiko yao bila kuwatoza, hata mtaa mzima ukambandika jina la Fundi Bure. Baadaye hata majirani akawa hawajibu. Akawa analala kageukia ukutani mpaka mchana, chakula nampelekea na narudi kukichukua kilivyo. Ukimuuliza anaumwa wapi, anasema haumwi.

Halafu akaanza kugawa vitu. Koti lake la safari alimpa mlinzi wa shule. Saa akamtumia mpwa wako huko chuoni, na binti akanipigia kwa furaha akisema baba siku hizi amekuwa mkarimu. Nami nikaitikia kwamba ndiyo, amekuwa mkarimu. Siku nyingine aliniita akanionyesha zilipo karatasi za nyumba na namna ya kufunga maji bomba la nyuma likipasuka. Lakini kilichonitia hofu kuliko vyote ni spana. Alibeba lile sanduku lake la spana, lile ambalo hata wewe ulikatazwa kuligusa ulipokuja likizo, akampelekea jirani yetu makanika, akamwambia ni lake. Mdogo wangu, mwanamume huyu akigawa spana zake, anaaga.

Nilimuuliza. Sikuzunguka, unanijua. Nilimuuliza mchana kweupe, nimesimama mlangoni, kama ana nia ya kujiondoa duniani. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alisema kwa upole kwamba amechoka kuishi, kwamba hapa nyumbani hana kazi tena, na mimi nisijilaumu. Nilimsihi twende hospitali. Akasema hospitali ni ya wagonjwa. Nilikwenda mwenyewe kuonana na muuguzi, akanieleza kwamba huo nao ni ugonjwa kama magonjwa mengine na una matibabu, ila ni lazima nimlete. Nimlete vipi? Nimbebe mgongoni?

Siku hiyo hiyo niliyorudi kutoka kwa muuguzi, pasi ikafa. Hiyo ilikufa yenyewe, naapa. Nilikuwa napiga pasi mapazia ya mteja, nikalalamika kwa sauti, si kwake, kwa pasi. Nikasikia kitanda kinalia. Akatoka, akaichukua mkononi mwangu, akaupapasa waya wake kuanzia kwenye plagi hadi kwenye mpini, kwa vidole, maana macho hayamsaidii. Akasema umekatikia ndani, pale unapojikunja. Akaniagiza kisu na ule utepe mweusi wa umeme, kisha akakumbuka kwamba bisibisi yake iko kwa makanika, akavaa viatu akaenda kuiazima. Kuazima bisibisi yake mwenyewe! Makanika, Mungu amlipe, alirudi naye amembebea sanduku zima, akasema halina nafasi gereji kwake. Shemeji yako alikata waya, akaumenya, akausokota, akaufunga, kisha akasugua pasi chini kwa chumvi juu ya karatasi mpaka ikateleza kama mpya. Jioni alikula. Alimaliza sahani, akaniuliza kama kuna kingine kinachosumbua.

Nikamjibu kwamba redio inakwaruza. Ilikuwa haikwaruzi.

Basi, umepata jibu lako. Nyumba haina mkosi wowote, mdogo wangu. Anayeharibu vitu ni mimi. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wananitazama mimi.

Kila alipokwenda kuoga jioni, mimi nilitafuta cha kuharibu ili asubuhi akikute. Na ubaya wenyewe, ni yeye aliyenifundisha. Miaka yote alikuwa akinieleza anachofanya, nikiitikia tu huku nashona, kumbe kilikuwa kinaingia. Alipokwisha kunionyesha kwamba kikaratasi cha fedha cha pakiti ya sigara kinaunga betri ya redio iliyolegea, mimi nilikwenda kukichomoa. Alinifundisha kwamba siki inaondoa magamba ya chokaa kwenye birika la umeme, nami nikaacha kulisafisha mpaka likawa linachemka nusu saa. Simu haikutumbukia kwenye beseni, niliitumbukiza. Jirani akaja na mchele mkavu wa kuifukia, shemeji yako akamwambia mchele ni wa kupika, akaifungua, akaipepea na feni siku mbili akiwa ameilinda kama mgonjwa. Hizo zilikuwa siku nzuri. Alikuwa akinikaripia nisipite karibu na vumbi langu la vitambaa.

Nikahamia kwenye cherehani. Hapo nilijichinja mwenyewe, kwa sababu ndiyo inayotulisha. Niliukata mkanda wake, naye akanikatia mwingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi kuukuu, ukafanya kazi kuliko wa dukani. Nikaukata tena. Wateja wakaanza kusema fundi wa mapazia siku hizi ana visingizio, na bibi harusi mmoja akaja kuchukua vitambaa vyake vikiwa vipande, akaniita tapeli mbele ya watu. Ningemwambia nini, kwamba mume wangu amekula asubuhi kwa sababu pazia lake halikushonwa?

Nyumba ikaisha. Nilikuwa napita chumba hadi chumba na macho ya mwizi, kila kitu kimeshaharibiwa na kimeshatengenezwa, vingine mara tatu. Likabaki gari letu, lile ninalopelekea kazi za wateja. Nililegeza vichwa vya betri. Akavisafisha kwa magadi na maji ya moto, akakaza, kabla ya saa nne amemaliza na amerudi kitandani. Nikaona gari linataka ugonjwa mkubwa zaidi. Nitakuambia mpaka mwisho: siku moja nilipiga magoti kwenye tairi nikiwaza breki. Mkono ukagoma, nikakaa pale chini nikalia, kwa sababu niliona nilikofikia.

Nikachagua mpira wa rejeta. Nililegeza ile klipu inayoubana, maji yakavuja usiku kucha. Asubuhi alipapasa, akanusa, akasema rejeta ina tundu, akaagiza mayai. Akatenga ute na kiini kwa mikono yake, akaumimina ute ndani, akaniambia maji yakipata moto utaganda na kuziba. Tulishinda siku nzima uani tukiwasha injini na kuzima, gari likinukia kama jikoni. Jioni bado linavuja, naye akasema kesho tutajaribu tena. Kesho! Nilikuwa sijalisikia neno hilo kinywani mwake kwa miezi. Nikaona nimempata.

Juzi jioni, alipokwenda kuoga, nikatoka kwenda kuilegeza klipu zaidi. Njia ya mwongo ni fupi. Nilikuwa nimeinama chini ya boneti nikasikia nyuma yangu harufu ya sabuni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alinyoosha mkono akaichukua bisibisi mkononi mwangu, akaitafuta skrubu ya klipu kwa kidole, akaikaza mpaka ikakaa. Kisha akafunga boneti taratibu, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akanipapasia nafasi nikae.

Aliniambia kwamba amejua tangu redio. Alisema kikaratasi cha fedha hakijitoi chenyewe kwenye redio kikaenda kujikunja vizuri ndani ya kopo langu la nyuzi. Nilimuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema kila asubuhi alikuwa akiamka atazame leo nimeharibu nini. Kuhusu rejeta, alijua tangu mwanzo kwamba ni klipu. Aliisikia kidoleni kabla hata sijaleta mayai. Ila kukaza klipu ni kazi ya dakika moja, na mayai yanakula siku nzima. Yaani mume wangu naye alikuwa anaiba siku, kama mimi. Tulikuwa tunaibia duka moja bila kuambiana.

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana aliendelea. Alisema tuache sasa, kwa sababu skrubu ikifunguliwa kila siku huliwa meno, hata ukiikaza haishiki. Alisema amechoka kunitazama nikiwakimbiza wateja wangu kwa ajili yake. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, kwa nini katika muda wote huu sikumwomba tu abaki.

Mdogo wangu, ni kweli. Nilimshauri, nilimkemea, nilimtisha kwa binti yake, nilimtaja muuguzi, niliharibu nyumba nzima, lakini kumwomba sikumwomba. Sijui nilidhani naomba nini. Nikamshika mkono nikamwomba. Nilimwambia abaki, si kwa sababu ya pasi wala gari, abaki kwa sababu mimi ninamtaka. Akasema kesho yupo. Nikamuuliza na baada ya kesho, akasema hawezi kuniahidi asichonacho. Nimuulize tena kesho.

Jana jioni nilimuuliza tena, akajibu vile vile.

Mdogo wangu, maji yamenifika shingoni. Njoo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi nimebaki na kidole hicho kimoja. Muuguzi amesema daktari atatupokea siku yoyote, na shemeji yako ameniambia kwamba ukija wewe atakwenda, kwa kuwa wewe hukumwona akilia kama mimi, kwa hiyo hakuonei aibu. Usimwambie binti yetu mpaka nimwambie mwenyewe. Ukipata barua hii usipige simu kuuliza zaidi. Panda gari la kwanza.

Msalimie sana wifi, umwombe radhi kwa kukuchukua ghafla, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Jirani makanika anakusalimu. Ndiye atakayeipeleka barua hii stendi, maana mimi sitoki tena nyumbani. Jua linakaribia kuzama na shemeji yako ametoka kuoga, namsikia akivuta kiti pale nje. Leo bado sijamuuliza. Naweka kalamu chini niende.

Ni mimi dada yako.