Fundo Moja Kushoto

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya chai

Mke wangu Mama Zuhura,

Kwa masikitiko makubwa, fundi Selemani wa Mchafukoge anatangaza kuondokewa na stuli yake mpendwa ya mninga, iliyomtoka asubuhi moja mbele ya duka lake. Marehemu ameacha mjane mmoja, yaani kiuno changu. Habari ziwafikie mama mkwe huko Lindi, binti yangu Zuhura, na ndugu na jamaa wote popote walipo.

Stuli haikufa, usilie. Ilikaliwa na mdogo wako Hamisi, na wateja wote wakaona amependeza juu yake.

Sasa nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Vipi hali yako? Mguu wa mama umepungua uvimbe, au bado mnabishana juu ya chumvi? Shikamoo yake mpe sasa hivi kabla hujasoma zaidi, maana huko mbele sitakuwa na uso wa kumsalimia. Mimi mzima. Tumbo ndilo linaendelea vizuri kuliko mwenyewe.

Utauliza, barua ya nini na simu zipo? Kwenye simu ukicheka tu nasahau nililotaka kusema. Na juzi uliponiuliza, "Kwani Hamisi alikosea nini huko kwenye boti?" nilikujibu, "Ah, haraka zake hizo," kisha nikasingizia salio limekwisha. Karatasi haina salio. Barua anakuletea Hamisi mwenyewe. Nitaizungushia ule utepe mweusi wa umeme ili asiifungue njiani. Mimi ameniambia anakuja kupumzika. Ukweli kamwambia Mama Semeni, anayetuuzia chai: huenda asirudi tena Dar.

Nianze na wivu, maana siku hizi ndio mwenye nyumba.

Unakumbuka ulivyonikabidhi ndugu yako miaka mitatu iliyopita, mtu mzima wa miaka thelathini asiyejua koleo inashikwa wapi. Nikamfundisha kusuka mota, yaani kuzizungushia nyaya mpya zikiungua, nikamfundisha na kawaida ya duka letu: waya ukifunguliwa, unafungwa uzi wa alama. Fundo moja kushoto, mafundo mawili kulia. "Rangi za nyaya hupauka, shemeji," nilimwambia, "uzi haupauki." Akashika. Kisha akaanza kushika na nisiyoyajua mimi. Anasoma michoro ya mashine kwenye simu kama wewe unavyosoma uso wangu.

Basi Mama Semeni akawa anamwekea yeye andazi la juu, la moto, na mimi lile la chini lililolala. Siku moja mteja kaja na jenereta, ananipita.

"Fundi hajafika?"

"Na mimi nani?"

"Aa, wewe mzee wetu bwana. Namuuliza fundi."

Nilicheka kwa sauti. Usiku sikulala vizuri, nikasingizia joto.

Ndipo akaja daktari wa meno. Huyu bwana ana boti ya starehe kule Msasani, ya kupeleka familia visiwani kuogelea. Ndefu, nyeupe, ina hata jokofu. Alileta mota iliyoungua ya kitu wanachokiita thrasta. Nikueleze: ni propela ndogo inayokaa omoni, mbele kabisa ya boti, chini ya maji, ndani ya bomba lililotobolewa kutoka ubavu mpaka ubavu. Ukisukuma kijiti chake pale kwenye usukani kushoto, inaipeleka pua ya boti kushoto. Ukisukuma kulia, kulia. Bila hiyo, boti kama ile kuiegesha gatini ni sawa na kumgeuza ng'ombe jikoni.

Mimi nikasema, "Tutaisuka upya." Nimesuka mota tangu daktari hajaota meno yake mwenyewe. Hamisi akaigeuza mara moja, akasema kwa upole, "Shemeji, hii hata ikisukwa, ni ndogo kwa boti ile. Ndiyo maana iliungua. Bora aweke mpya yenye nguvu zaidi, na nyaya nene zaidi." Daktari akamwangalia kama mtu aliyepata mkwe. Akasema ikienda vizuri, wenzake wawili wana boti zenye shida hiyohiyo, na kazi zote atampa yeye.

Yeye. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na koleo mkononi.

Tulifanya kazi siku mbili. Mlinzi wa gatini alimwamkia Hamisi vizuri, kisha akaniuliza mimi, "Na wewe ndiye msaidizi wake?" Nikajibu, "Ndiyo, ananifundisha." Hamisi aliona haya, akataka kumrekebisha, nikamkataza. Nilitaka kuumia vizuri.

Mota mpya ikakaa. Nyaya zikafungwa. Kisanduku kikafunikwa. Jumamosi ya wiki iliyopita daktari akaja kujaribu, amevaa kofia, na kwa bahati mbaya kamleta mama mkwe wake na hotpoti la pilau. Sisi tuko ndani ya boti, nyuma. Nguzo ya gati iko kulia. Daktari akasukuma kijiti kushoto kwa madaha ili ajitenge nayo.

Pua ikaenda kulia. Akadhani hajasukuma vya kutosha, akakandamiza. Ile mota mpya yenye nguvu zaidi ikafanya kazi yake vizuri sana: ikatubamiza kwenye nguzo, taa ya mbele ikavunjika, na pilau lote likamwagika miguuni mwa bibi wa watu.

"Nani alifunga hizi nyaya?" daktari akauliza.

Hamisi akaenda omoni, akafungua kisanduku, akatazama. Akanyanyua kichwa, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Ni mimi, daktari. Kosa langu." Akahamisha nyaya mbili nyembamba, huu mahali pa ule, kijiti kikatii. Lakini daktari alikuwa anaokota nyama sakafuni. "Wale wenzangu nitawatafutia fundi mwingine," akasema. Nawe unajua habari mbaya haihitaji nauli. Jioni hiyohiyo mlikuwa mmeshaijua huko Lindi.

Kabla sijaendelea, salamu zangu zimfikie shangazi yako Somoe mshona mikeka, na kaka yangu Mohamedi wa kule mashambani kwenye mikorosho, na Zuhura wangu. Mwambie viatu alivyovitaka nitavitafuta sokoni Mchikichini. Mama mkwe nimeshamsalimia pale juu, na sasa ndipo naomba umsomee kwa sauti.

Nimeandika "nyaya zikafungwa" kana kwamba zilijifunga. Nilizifunga mimi. Kule omoni kuna shimo dogo chini ya kitanda. Hamisi aliniambia, "Acha niingie mimi, shemeji, pamebana." Nikaona ananidharau tumbo. Kuingia kwa kichwa nikashindwa, nikaingia kinyumenyume, nikakaa nimeipa omo mgongo, uso kuelekea nyuma ya boti. Nyaya za kile kijiti nikazifunga uzi: fundo moja kushoto, mafundo mawili kulia. Ila kushoto kwangu mimi niliyekaa vile. Kwenye boti, hapo ni kulia. Dukani mota inakaa mezani, inanitazama, sijawahi kukaa mimi ndani yake. Hamisi alitaka kuja kuhakiki. Nikamwambia, "Mwalimu hasahihishwi."

Alipofungua kile kisanduku aliukuta uzi wangu. Alijua. Nami nilinyamaza, Mama Zuhura. Na si kwa woga peke yake. Kwa muda wa kama pumzi tatu, nilifurahi.

Jana nilikwenda kwa daktari, nikakaa kwenye foleni na watu wenye mashavu yaliyovimba, nikamwambia yote.

"Kwa hiyo yule alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na akanyamaza?"

"Akanyamaza."

Akavua glavu, akafikiri. "Basi nataka huyohuyo. Mwambie boti za wenzangu zinamngoja. Wewe baki na kazi za betri."

Umeona? Hata kukiri kwangu kumempandisha yeye. Nilitoka pale wivu umenishika upya, mbichi kabisa.

Hamisi nimeshindwa kumwambia. Asubuhi hii alikuja kuaga, akaniamkia kama siku zote; akipita kuchukua mzigo wake nitamkabidhi bahasha na kumwambia ni mambo ya mguu wa mama. Mwite akae hapo na ninyi, umsomee tangu mwanzo, kwenye habari za stuli. Stuli yenyewe ipo mbele ya duka, haina mtu. Mimi nakalia kreti la soda.

Mumeo,
Selemani, fundi msaidizi