Vidonge Vinafanya Kazi, Mlaso Unakula Sifa

Aikande, hicho ni kichwa au boga? Unaacha vidonge vya saratani ya damu kwa sababu mjomba wako kakuambia unywe mlaso! Marahaba, ila shikamoo yako haijanilainisha mimi bibi yako. Huku Marangu hatujambo. Upepo umeangusha migomba, babu yako anailaumu serikali.

Unauliza kama mlaso unatibu. Usichanani niliugua malaria. Shangazi akaleta kibuyu cha mlaso, damu ya mbuzi iliyopikwa na maziwa. "Kunywa, damu huongeza damu!" Nikanywa, nikalitapikia koti la baba la kanisani. Nikapelekwa hospitali, nikachomwa sindano, nikapona. Kurudi nyumbani, shangazi anawatangazia majirani, "Mmeuona mlaso wangu?"

Na wewe ni hivyohivyo. Vidonge vimekupa nafuu, mjomba anausifu mlaso. Ni chakula kitamu, sikatai, lakini si dawa ya ugonjwa wako. Halafu wewe ndiye wa kunizika mimi, usinirukie foleni.

Kesho asubuhi nenda kwa daktari, umwambie ukweli kwamba uliacha vidonge, ufuate atakalosema. Akikufokea, nyamaza.