Anwani Uliyoiandika

Kaka,

Mama mzima, anakula vizuri, ila redio anaifungulia mpaka majirani wanagonga ukuta. Naandika maana kwenye simu ungenikatiza.

Kile kifaa cha kumsaidia kusikia ulichomnunulia mtandaoni, wiki tatu nimekuwa kiguu na njia nikikitafuta. Muuzaji ananituma kwa wasafirishaji, wasafirishaji wananirudisha kwa muuzaji, na wewe unaniambia, "Wabane hao, wezi wakubwa." Nikawabana. Jana nilimfokea karani wa mizigo mbele ya wateja, nikamwita mwizi. Aligeuza kompyuta yake nijisomee anwani uliyoiandika.

Ni ile nyumba yenye geti la bluu, tuliyoihama miaka sita iliyopita. Mzigo ulifika siku yake, akaupokea mtu tusiyemjua.

Karani nimemwomba radhi. Wewe sijui nikufanye nini. Miaka sita, kaka, hujui mama yako analala wapi.

Yeye nimemwambia mzigo umepotea njiani. Sitakusitiri tena. Anwani yetu hutaipata kwangu. Mpigie mama, umuulize anakaa wapi, na upaze sauti, maana hasikii.

Mdogo wako, uliyemwachia mama.