Kopo la Rangi Nililolirudisha Dukani

Karakana ya Mabango,
Chumba cha Nyuma.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mgongo wa shemeji unaendeleaje? Wanangu huko wanasoma, au ni mpira tu? Sisi ni wazima. Ila dada, kaa kitako kwanza. Barua hii haisomwi kwa kusimama.

Wiki hii nimeianza roho juu, najiuliza kama nina mimba. Ndiyo, mimi huyu wa miaka arobaini na mbili, ambaye watu walishachoka kumuuliza!

Kisa ni kopo la rangi. Unajua harufu ya rangi kwangu ni marashi. Basi nikafungua kopo jipya nichore bango la kinyozi, tumbo likachafuka. Nikalibeba hadi dukani, nimefura kwa hasira: "Umeniuzia rangi iliyooza!" Mwenye duka akanusa, wateja wakanusa, rangi haina neno. Mkewe akanitazama juu hadi chini, akanivuta pembeni. "Mwenzangu, siku zako uliziona lini mara ya mwisho?" Lo! Mimi nilidhani ndiyo uzee unabisha hodi.

Nikamwambia nitasubiri tu. Sababu unaijua. Zile mimba mbili zilipotoka, ni wewe uliyenifuta machozi, na sikutaka kutumaini bure tena. Yule mama akanijia juu: kukisia hakusaidii, nunua kipimo cha mimba leo, kisha nenda kliniki mapema, hasa wewe uliyewahi kupoteza, na usinywe dawa ya mtu wa njiani.

Mistari miwili, dada! Nilipiga kigelegele chooni mpaka mpangaji mwenzetu akagonga mlango, akidhani nimeona nyoka.

Shemeji yako nilimkuta anachomelea geti. Nilipomwambia akazima mashine, akaiwasha, akaizima tena. Nikaingiwa na hofu kwamba hataki. Kumbe maskini anaogopa kuliko mimi.

Kliniki nesi alinipima damu na presha, akanipa vidonge, akanikataza kuvuta harufu ya thina ya kuchanganyia rangi na kupanda ngazi. Ngazi yangu sasa imefungwa kwa mnyororo, na ufunguo shemeji yako analala nao!

Jana tukaingia chumba cha kupigia picha ya tumbo. Nilifumba macho. Mtaalamu akasema, "Mama, hebu tazama." Nikaona kitu kidogo mno, katikati kinapepesapepesa. Akasema huo ndio moyo, na unapiga vizuri. Shemeji yako, ambaye hata msibani halii, alilia kwa sauti, akamwomba asizime kioo. Najua safari bado ndefu, ila zile mara mbili hatukufika hapa.

Msalimie shemeji, na wanangu uwabusu wote. Shangazi msalimie tu, usimwambie kitu, mdomo wake hauna mlango. Mungu awalinde ninyi nyote huko, nasi huku atulinde sote watatu.

Mdogo wako anayekupenda mpaka basi,
Brashi