Kitwitwi wa Kimamba

Mjukuu wangu Zaituni,

Marahaba. Shikamoo yako imenikuta hapa Kilosa nikiwa mzima. Magoti ya bibi yako yana nafuu, na mbuzi wake amezaa pacha.

Unauliza kama ufute taarifa ya ndege uliyemwona huku wakati wa likizo, kwa kuwa wenzako wa Arusha mnaoorodhesha ndege wanadai picha. Usifute.

Nilipokuwa kijana, niliamia mpunga Kimamba pamoja na mjomba wangu, tukifukuza ndege kwa kombeo na kelele. Siku moja nikamwona kitwitwi kwenye matope ya jaruba. Vitwitwi wengi mdomo wao umenyooka. Wa huyu ulipinda kwenda juu, na miguu yake ilikuwa ya rangi ya chungwa. Nilimtambua kwa kitabu cha shule.

“Mjomba, huyu ni ndege wa pwani!”

“Amekuja na treni?” Akatia jiwe kwenye kombeo. “Basi tumwangushe, watu wamwone, wakuamini.”

Nikasimama kati yake na ndege.

“Toka hapo! Jiwe halijui mpwa.”

Nikapiga ukelele wetu wa kuamia, kitwitwi akaruka, akapotea upande wa mto. Hadi mavuno wanakijiji waliniita Bwana Pwani, kwa kunikejeli. Niliitika. Ushahidi walioutaka ulikuwa mzoga, na huo sikuwa tayari kuwapa.

Waandikie tena ulichokiona: mdomo, miguu, mwendo, mahali. Asiyeamini aje Kilosa, avue viatu, aingie matopeni atazame mwenyewe.

Ni mimi babu yako, ninayekuamini.